Bustani ni ya Wakaao Ndani, Si ya Wapita Njia

Sisi watu wa Pwani twaijua Kericho kwa kikombe. Mnada wa chai ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969, na tangu hapo majani ya Kericho na Bomet yamekuwa yakiteremka kwa malori mpaka mabohari ya Mombasa, yakaonjwa, yakauzwa na kupakiwa melini, na jamaa zetu wengi wamepata riziki yao hapo. Lakini mwulize mtu wa Makadara au wa Mji wa Kale nyumba za huko zinakotoka chai zina sura gani, na watu wake hukaa wapi wakitaka kupunga hewa; atakwambia hajui, ila amesikia kuna baridi. Wala hajui kwamba wako watu wa kwao, waume kwa wake, ambao kazi, ndoa au biashara imewatupa huko wakawa wakaazi. Mimi ni mmoja wao. Mwaka huu natimiza miaka kumi na mmoja katika nyumba yetu iliyo kando ya barabara iendayo Litein na Bomet, kwenye kiwanja cha robo ekari, pamoja na mume wangu, watoto, paka wawili na mbwa mmoja.

Ndiyo, ndugu msomaji, mbwa. Nitafika kwake.

Leo nataka kuzungumza juu ya bustani ya nyumbani. Wako watakaoona hili ni jambo la watu wenye nafasi, na kwamba gazeti lina mambo makubwa zaidi ya kuandika. Mimi sioni hivyo. Nimewaona akina mama wa kwetu waliokaa Kericho miaka ishirini, na katika miaka hiyo yote hawakupata kukaa nje ya nyumba zao wenyewe hata saa moja kwa raha, kwa sababu huo upande wa nje haukupangwa kwa ajili yao. Nimeona nyumba mbili za majirani zikiacha kusalimiana kwa sababu ya mbwa aliyejikung'uta maji mahali pasipofaa. Nimeona paka akifa kwa ua. Hayo yote ni mambo ya bustani, yaani ni mambo ya nani apite wapi, nani akae wapi, na nini kipandwe wapi.

Bustani wanayoiga watu wetu ni ile ya bangaloo za mameneja wa chai. Kampuni ya Brooke Bond ilifika Kericho katika miaka ya 1920, nyingine zikafuata, na mameneja wao wakajengewa nyumba juu ya vilima. Mbele ya kila nyumba paliwekwa uwanja mpana wa nyasi zilizokatwa zikalingana kama mkeka, waridi kandokando, bogenvilia ukutani, na mti mmoja mkubwa wa kivuli. Hata ile Tea Hotel ya mjini, iliyojengwa na kampuni hiyo hiyo katika miaka ya 1950, ilifuata mtindo huo, uwanja wake ukiteremka mpaka kwenye michai. Siwezi kusema hayapendezi. Yapendeza sana. Lakini uwanja ule ulikuwa na kazi yake. Ulikuwa ukimwambia mpita njia kwamba hapa anakaa bwana mkubwa. Ardhi yenyewe ilipatikanaje ni habari ndefu, na wazee wa Kipsigis, hali kadhalika wa ukoo wa Talai waliohamishwa kwa nguvu kwenda Gwassi kwa sheria ya mwaka 1934, wangali wanaidai haki yao. Na nyasi zile hazikujikata. Zilikuwa na watu wake wa kuzikata, kila wiki, mvua ikinyesha isinyeshe.

Sasa mtu wetu anunua robo ekari, au hata nusu yake, naye ataka uwanja wa meneja. Nyumba aisukuma nyuma kabisa mwa kiwanja ili mbele pabaki nafasi ya kupanda nyasi. Nyuma pabakia kichochoro cha kupita mtu mmoja, na humo ndimo tangi la maji, kuni, kamba ya nguo, kuku, na kila kisichotakiwa kuonekana. Mkewe akitaka jua, lazima akae mbele, macho ya barabara nzima yakimtazama, buibui mwilini kama aliye stesheni. Basi hukaa ndani. Wazee walisema nyumba njema si mlango. Mtu wetu ametengeneza mlango, nyumba ameisahau.

Lugha yetu yenyewe ingetosha kutufundisha. Ua ni lile la kunusa, na ua ni ule wa kukaa. Tukisema maua twajua ni la kwanza, tukisema nyua twajua ni wa pili, lakini katika umoja sikio halitofautishi, wala si ajabu, kwani kwetu mambo hayo mawili huwa mahali pamoja. Nyumba kongwe za Lamu zimegeuzia njia mgongo, na katikati zina kiwanda kilicho wazi juu, ambamo mwanga na hewa huingia bila ya jicho la mtu. Mombasa twasema uani, na huko uani ndiko kuliko na birika, jiko, mkeka, kigae cha mrehani, na paka aliyelala kivulini. Ni bustani kamili, ijapokuwa hapana aliyeiita hivyo. Kosa ni kudhani kwamba tukipanda gari la kwenda bara ni lazima tuuache ua wetu kituoni.

Kwa hivyo rai yangu ya kwanza ni hii: nyumba isogezwe mbele karibu na njia, na uwanja wote wa maana uwe nyuma au ubavuni, ukizungushiwa miti. Mbele patosha kipande kidogo cha maua cha kumfurahisha mpita njia, kwani naye ana haki yake, lakini isiwe yeye ndiye mwenye nyumba.

Upande gani hasa? Hapa ndipo watu wa Pwani tunapohitaji kujifunza upya, maana hewa ya Kericho ina ratiba yake. Mji uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake kwa mwaka ni karibu mara mbili ya ile ya Mombasa. Asubuhi jua huwa safi. Baada ya adhuhuri, upepo unaotoka Ziwa Victoria hupanda vilima ukakutana na ule wa mashariki, mawingu hujikusanya, na kabla ya alasiri ngurumo huanza. Ua wa kukalia jioni, kama tulivyozoea kwetu, huku ni kidimbwi. Huku raha ni ya asubuhi, kuanzia saa mbili mpaka saa sita. Nguo hukauka wakati huo, mtoto huota jua wakati huo, na mgonjwa hutolewa nje wakati huo. Basi ua na uwe mashariki mwa nyumba, wazi kwa jua la asubuhi, na nyumba yenyewe iukinge na upepo unaotoka upande wa ziwa.

Wenyeji waliyajua haya kabla ya mpanda chai yeyote. Katika maboma ya Kipsigis ya zamani, madhabahu ya nyumba, waiitayo mabwaita, ilisimamishwa nje upande wa mashariki, nguzo na matawi ya miti maalumu yakafungwa kwa mtambaa waitao sinendet, ule ule ambao mpaka leo huvishwa mtu anayetukuzwa, hata mkimbiaji arudipo na ushindi. Imani yao ile si yetu. Lakini mpango wa makao yao nauona uko karibu na wetu kuliko na wa bangaloo. Palikuwa na mahali pa heshima, mahali pa ng'ombe, na mahali pa kupita mgeni, na kila mmea uliokuwa karibu na nyumba ulikuwa na sababu ya kuwapo. Jirani yangu, mama mtu mzima wa Kikipsigis, ana senetwet kando ya mlango wa jikoni, kichaka chenye maua ya manjano kama mishumaa, ambacho kijiti chake huchomwa na kusuguliwa ndani ya kibuyu cha maziwa ya mursik. Humwambii kwamba hiyo si bustani. Kwa watu wake dawa ni kerichek, na wako wasemao jina la Kericho limetoka huko; wengine hulitaja jina la mzee mmoja wa Kimaasai. Mimi napenda hiyo ya dawa.

Sasa maua. Kila mama wa Pwani afikapo huku hubeba vijiti. Nami nilivibeba. Mlangilangi na mkadi ni miti ya joto, usijisumbue. Asmini yetu huota, hutoa majani, kisha hukaa ikinuna; nimepata maua mawili matatu ya kikuba katika mwaka mzima, tena kwa kuliegemeza kigae lake kwenye ukuta wa jikoni ambao huota joto la meko. Mrehani vivyo hivyo, nao ufunikwe usiku. Mpapai hukua ukawa mrefu bila ya tunda la maana. Mgomba huzaa, lakini mvua ya mawe huyachana majani yake kama kanga iliyovutwa na mbuzi, na sehemu hizi zajulikana ulimwenguni kwa wingi wa mvua hiyo, hata katika miaka ya 1960 makampuni ya chai yaliwahi kuyashambulia mawingu kwa dawa ili yasitone mawe. Kwa hiyo chagua mimea ya majani madogo na magumu. Waridi hustawi kuliko Mombasa, wala si kidogo. Mnanaa huwa kama magugu. Rozimeri huwa kichaka. Mchaichai hushika kingo za mtaro usimomonyoke, paka hutafuna ncha zake kwa raha, na mwenye nyumba hupata chai ya pili katika nchi ya chai.

Nimemtaja paka. Huyu hana tatizo katika dini yetu. Ni tohara, ni mzungukaji wa majumbani, maji aliyoyaonja hayaharibiki kwa kuyaonja, na sahaba mkubwa Abu Huraira alipata lakabu yake kwa kipaka. Tatizo la paka wa Kericho ni udongo. Paka hutaka udongo mkavu wa kufukua, na katika nchi inayonyeshewa karibu kila alasiri, udongo mkavu hupatikana mahali pamoja tu, nao ni chini ya upenu wa nyumba, penye baraza, dirisha na miguu ya wageni. Watu humchapa, humfukuza, humwita mchafu. Hana kosa. Nyumba ndiyo iliyomwachia mahali pale tu. Mjengee upenu mfupi nyuma ya jiko, uweke kisanduku cha mchanga, ufukue na kubadilisha kila siku, naye atauacha ule wa mbele bila kuambiwa. Kisha mpe mahali pa juu pa kulala, kigogo au ubao ukutani penye jua la asubuhi, kwani paka hupenda kuona asikoonwa. Katika hilo twafanana.

Mbwa ni habari nyingine, na juu yake husemwa maneno mengi bila ya kufikiri. Wako wanaosema Mwislamu hafugi mbwa kabisa. Hivyo sivyo. Ruhusa ipo kwa mwindaji, kwa mchunga wanyama na kwa mlinda mazao, na wanazuoni wengi wa madhehebu yetu waliulinganisha ulinzi wa nyumba na hayo. Wako nao wanaosema siku hizi mambo hayo yamepitwa, wakamleta mbwa mpaka kochini. Hao nao sikubaliani nao. Sisi wa Shafi mbwa kwetu ni najisi, na kilichoguswa na unyevu wake huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Wenzetu wa Maliki wana kauli nyepesi zaidi, lakini mtu hachagui madhehebu kwa uvivu wa kufua.

Sasa sikiliza jambo ambalo mtu wa Mombasa hapati kulifikiria. Mkavu kwa mkavu najisi haihami. Mbwa akikupitia kando Mombasa mwezi wa Januari, yeye mkavu na kanzu yako kavu, hapana kitu. Lakini mbwa wa Kericho si mkavu. Majani ya chai yana umande mpaka saa tatu, alasiri kuna mvua, usiku kuna ukungu. Mbwa wa huku ni mnyama wa maji maji miezi yote kumi na miwili, na kila alipopita pana alama. Akijikung'uta karibu na kamba ya nguo, kapu zima limerudi kwenye beseni. Ile ile fikihi tuliyoisoma chuoni, katika hewa hii yawa kazi ya kila siku, na wanaochoka si wanaume wakaao msikitini bali ni mama na mabinti wanaofua. Ndiyo maana nyumba nyingi za kwetu huishia katika mambo mawili mabaya: ama mbwa hufungwa mnyororo kwenye mti wa nyuma maisha yake yote, ama familia huacha kujali.

La tatu lipo, nalo ni kupanga. Ardhi ya Kericho haina tambarare. Kila kiwanja kina juu na chini. Maji safi yawe juu: bomba la kutawadhia, tangi, kamba ya nguo, na ile pembe ya kaskazini-mashariki ya ua mnapoweza kutandika mkeka, maana Kibla kwetu huku ni kaskazini, kikielemea mashariki kidogo. Mbwa awe chini, karibu na lango la gari, ambako ndiko kazi yake iliko. Kibanda chake kiwe na bati, na sakafu iliyoinuliwa shibiri moja kutoka ardhini. Chombo chake cha maji kiwe huko huko, kisipande juu kamwe. Halafu, na hili wengi hawalijui, mbwa mlinzi hutembea mpakani. Hata ukipanda maua ya dhahabu kando ya ua, atayakanyaga, kwa kuwa ile ndiyo njia yake ya lindo. Basi mwachie. Kati ya miti ya mpaka na kitalu chako cha ndani acha ujia wa upana wa hatua moja, utie moramu au kokoto, naye atauzunguka usiku kucha bila ya kuingia kwenye ua wenu. Kati ya ujia huo na ua simamisha kitalu cha pili kifupi, rozimeri au hata michai yenyewe ikikatwa kiunoni. Mgeni apite lango lake dogo, mbwa asilifikie. Tangu tulipopanga hivyo, mjomba wangu mmoja kutoka Lamu, ambaye akisikia mbwa hukunja kanzu mpaka magotini, alikaa kwetu siku tisa. Alimsikia. Hakumwona.

Kuna na maji ya mteremko. Jirani wa juu naye ana mbwa, na mvua huteremsha yake yote kwako. Mtaro mmoja unaopita kando ya mpaka wa juu, ukazunguka na kutokea chini, huondoa maneno mengi. Kwa yale yanayobaki ya tope la njia, masheikh wetu wameeleza msamaha katika lisiloweza kuepukika. Mwulize wa kwako.

Ule mnyororo nimesema ni mbaya, na si kwa ajili ya huruma peke yake, ingawa huruma ingetosha kwa watu waliosikia habari ya yule aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Huku kuna siafu. Mvua zikianza hutoka kwa maelfu usiku, safu kwa safu, na kila kilicho hai hukimbia. Paka hukimbia. Kuku aliye huru hupanda juu. Vifaranga waliofungiwa, sungura kizimbani na mbwa mwenye mnyororo hawana pa kukimbilia. Sitaeleza yanayopatikana asubuhi. Ndiyo maana kibanda kinataka miguu, na ile miguu ya banda la kuku isimamishwe ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari.

Nilisema nimeona paka akifa kwa ua. Alikuwa wa shoga yangu wa hapa mjini. Waliletewa shada la maua meupe ya lili, yale makubwa yenye harufu ya kujaa chumba. Poda ya ua ilimwangukia paka mgongoni, akajiramba kama kawaida yake. Siku ya pili hakula, siku ya nne hakuwapo. Daktari wa mifugo alisema ni figo, na kwamba lili ni sumu kwa paka, jani, ua, na hata maji ya chombo lililowekwa. Hayo ni kweli na yajulikana, lakini wauza miche hawakwambii. Wala hawakwambii juu ya ule mti wenye maua marefu yaning'iniayo kama tarumbeta, meupe au ya rangi ya chungwa, ambao umejaa katika nyua za Kericho na Bomet: ni sumu kwa mbwa, kwa ng'ombe na kwa mtoto. Kile kichaka ambacho maua yake huchanua zambarau kisha yakageuka meupe ni hatari sana kwa mbwa, hasa mbegu zake. Mbarika twaujua wenyewe. Na kwa kuwa nchi ya mvua ni nchi ya konokono, watu hununua zile tembe za kuua konokono wakazimwaga vitaluni. Mbwa hudhani ni chakula, akazila, akatetemeka mpaka mwisho wake. Konokono waokotwe kwa mkono alfajiri, kuku watashukuru. Hata machicha ya chai, ambayo ni mbolea nzuri, yafukiwe ardhini yasiachwe juu, maana kile kitu katika chai kinachotuamsha sisi humdhuru mbwa.

Sasa niwaseme kidogo na majirani zangu wa huku, maana sitaki ionekane kwamba watu wa Pwani peke yao ndio wenye kasoro. Kuna mtindo wa kupanda chai mpaka mlangoni. Tangu shirika la KTDA lianze mwaka 1964 na wakulima wadogo wakaingia katika zao hili, kila shubiri ya ardhi imekuwa na bei, na ukienda upande wa Kapkoros au Mogogosiek utaona nyumba zilizosimama ndani ya chai kama mashua ndani ya maji. Naelewa: bonasi hailipwi kwa waridi. Lakini mtoto hana pa kucheza, kuku hana pa kuparua, na nyoka ana njia ya kivuli mpaka kizingitini. Hatua kumi kila upande zikiachwa, hasara yake katika kilo ni ndogo. Kinyume cha huo ni mtindo wa mjini, wa kumwaga saruji kiwanja kizima kwa kuogopa tope. Katika mwaka wa pili saruji ile huota ukungu wa kijani, na mzee akiteleza mara moja nyonga imevunjika. Mawe yaliyotandazwa kwa nafasi, nyasi zikipita katikati, huvumilia mvua vizuri zaidi.

Na mkalitusi usiwe karibu na nyumba. Hunywa maji ya kisima, matawi yake huanguka, na katika nchi ya radi kama hii mti mrefu karibu na bati si rafiki.

Nimewahi kuzungumza haya na baadhi ya wenzetu baada ya sala ya Idi, na jawabu la wengi lilikuwa moja: sisi huku ni wapita njia, tutastaafu turudi kwetu, ya nini kujisumbua na miti? Mama mmoja aliyesema hivyo amekuwa akirudi kwao tangu mwaka 1998. Watoto wake wote wanne wamezaliwa hospitali ya Kericho, wanazungumza Kikipsigis sokoni, na mumewe amezikwa huku huku. Bado nyuma ya nyumba yake pana kichochoro cha kupita mtu mmoja, na mbele pana uwanja wa nyasi ambao hajaukalia. Nilimwuliza kama nimletee miche. Alicheka, kisha akauliza itachukua muda gani.

Nilimwambia kweli. Miti ya mpaka iliyo bora kwa nyumba yenye mbwa na yenye wanawake ni mkayaba, ule wenye miba mirefu na matunda ya manjano makali kama ukwaju, ambao huku hutumiwa sana. Ukikatwa vizuri, hapiti mbwa, hapiti mwizi, wala hapiti jicho. Lakini huchukua miaka mitatu au minne kufunga. Kwa muda huo makuti hakuna, basi nunua mabanzi kwenye viwanda vya mbao, ni rahisi, uyasimamishe nyuma ya miche kwa kimo cha mtu, yatakusitiri mpaka miti ikue. Miche ipandwe safu mbili kwa mpishano, ikatwe mapema ili itoe matawi ya chini, kwani mkayaba ulioachwa huwa mrefu juu na tundu chini, na mbwa hutokea kwenye tundu. Mvua kubwa huanza mwezi wa Machi. Mashimo yachimbwe Februari, udongo ukiwa bado waingia jembe.